Methali Zilizombakia Mama

Maneno ya kwanza ya mama yangu baada ya kiharusi yalikuwa methali. Alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake, na sisi watoto wake tumemzunguka tukiita mama, mama, bila kujibiwa. Nesi akaja na sindano, akamwambia ajikaze kidogo tu, inaisha. Mama akafungua macho, akasema wazi kabisa, "Mvumilivu hula mbivu."

Wodi nzima ilicheka. Kaka yangu akalia. Mimi nikafanya nilichozoea, nikaanza kujiuliza methali hiyo ilitungwa na nani.

Nieleze kidogo, maana bila hilo nitaonekana sina moyo. Kila Jumamosi asubuhi nina dakika zangu kwenye redio moja ya hapa Arusha, nazungumzia asili ya misemo. Mimi si msomi wa lugha. Naokota yale watu wanayosimuliana, na nusu yake ni uongo mtupu, lakini uongo uliopita kwenye midomo mingi una utamu wake. Chukua "mgeni njoo mwenyeji apone." Wapo wanaoapa kwamba palikuwa na mwenye nyumba mgonjwa, akapita msafiri anayejua mizizi, akamtibu. Nilipoisimulia hiyo hewani, mzee mmoja alipiga simu kutoka Nduruma amekasirika. Alisema hadithi hiyo imetungwa na watu walioshiba. Nyumbani kwao jogoo alichinjwa mgeni akija tu, na kupona kwenyewe ndiko huko. Mimi niko upande wa mzee wa Nduruma.

Au ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tuliokulia huku mlimani, bahari tukiisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa, tulidhani mgema ni mtu anayemwagia maji tembo wa porini, na hatukuelewa kusifiwa kunahusiana vipi na kumwogesha mnyama. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa tembo ni pombe ya mnazi, na kwamba sifa zikimzidi mgema huichakachua. Nilisikitika. Yule mtu na tembo wake nilikuwa nawapenda.

Hiyo ya mbivu nayo nilishawahi kusema redioni kwamba haikutungwa na Mmeru. Ndizi sisi tunaila mbichi. Tunaimenya, tunaipika na nyama, tunaiponda na maziwa mgando, na ikianza kuwa ya njano tunahesabu imetuponyoka. Kwetu mvumilivu hula kilichobaki. Basi nilikuwa nimesimama pale wodini, mama yangu amerudi kutoka nusu ya kufa, nami nawaza ndizi.

Tulipomrudisha nyumbani Akheri, kwenye nyumba anayokaa na kaka yangu na wifi, ndipo tulipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Mama hakuwa na maneno mengine. Zilimbakia methali, salamu, nyimbo za kanisani na Sala ya Bwana. Ukimsalimia shikamoo alijibu marahaba kwa sauti yake ile ile ya kuuza ndizi soko la Tengeru. Ukianza kuimba, alidaka ubeti wa pili na kuumaliza bila kukosea. Lakini umuulize, "Mama, unataka maji?" atakuangalia, midomo itahangaika, halafu itatoka, "Maji yakimwagika hayazoleki." Umuulize kama mguu unauma, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Kimeru, lugha aliyozaliwa nayo, nacho kilikuwa kimeondoka, isipokuwa salamu.

Hospitali walitupa dada mmoja wa mazoezi ya kuongea. Alitukalisha, akatueleza jambo ambalo mimi, na redio yangu, sikuwahi kulisikia. Alisema methali huitungi unapoisema, unaikuta imeshatungwa. Ubongo umeihifadhi nzima nzima, pamoja na nyimbo na sala, hata matusi, mahali tofauti na pale mtu anapochagua neno na kulipanga. Kwa mama, pale pa kuchagua ndipo palipoumia.

"Kwa hiyo anaweza kututukana?" kaka akauliza.

"Wapo wanaotukana," dada akasema. "Hata wazee wa kanisa. Msiwakasirikie."

Halafu akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. "Usidanganyike na hizo methali. Zinatoka zenyewe, kama chafya. Tunachokitafuta ni neno moja ambalo amelichagua mwenyewe, lolote, hata liwe baya. Na miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kulitafuta. Msimmalizie maneno. Msiridhike na methali, naye asije akaridhika nazo."

Nilitoka pale nikiwa na kazi. Nikiwa na kazi mimi huwa sikai. Kule kwangu Terrat nilikuwa naamka naenda dirishani, narudi, nafungua friji bila kutaka kitu, nampigia wifi kumuuliza leo amesema nini. Wifi atanisomea methali ya siku hiyo. Nitakata simu nikiwa na hasira, halafu nampigia tena kumwomba radhi. Kila nilipopata nafasi nilipanda Akheri na kikapu cha vitu vya kweli, maana dada yule alisema picha hazitoshi: kijiko, kitana, kitunguu, kipande cha sabuni, ndizi. Nakaa mbele ya mama, nainua kijiko.

"Mama, hiki ni nini?"

Macho yake yanakifuata kijiko. Anakijua. Naona kabisa anakijua. Midomo inajikunja, jasho linamtoka juu ya mdomo, "Ki... ki..." Nje anasikika mtu, "Hodi hodi wenyewe!" Na mama analegea, uso unakunjuka, "Karibu. Mgeni njoo mwenyeji apone." Aliyeko mlangoni anapiga makofi kwa furaha.

Niliyachukia yale makofi. Nasema wazi, niliwachukia na wapigaji, na wengine ni watu walionibeba mgongoni.

Kwetu mgonjwa ni wa wote. Hafungiwi mlango. Mtu akisikia jirani kaugua anakuja na sukari, au chupa ya maziwa, anakaa, anasali, anakunywa chai, anaondoka. Nyumba isiyofunguka kwa wageni wa mgonjwa inaanza kusemwa: wanamficha, wanamtesa, kuna kitu. Hilo nalijua na nimekua nalo. Lililonishinda ni kwamba wageni wa mama waliacha kuja kumwona mgonjwa. Walianza kuja kuuliza mambo yao.

Ilianza na jirani mmoja aliyekuwa na ng'ombe asiyeshika mimba. Alikuja na maziwa, akawa analalamika tu, kama watu wanavyolalamika mbele ya mgonjwa, kwamba sasa amuuze au afanyeje. Mama akasema, "Subira yavuta heri." Yule bwana akaenda, hakuuza. Ng'ombe akashika mimba. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imetoka mlango wa kanisa hadi sokoni, kwamba mama amenyang'anywa maneno ya kidunia akaachiwa hekima peke yake.

Kuanzia hapo hapakukalika. Alikuja mwanamke ambaye binti yake ametoroka na dereva wa lori, akaambiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akalia sana, akarudi kesho yake na mkungu wa ndizi. Wakaja wanakwaya waliogombania sare. Wakaja watu wa ng'ambo ya mlima, wafugaji, waliokuwa hawamjui kabisa, wakakaa kwenye mabenchi nje na fimbo zao wakingoja zamu. Kuna aliyekuwa anamrekodi kwa simu na kurusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, "methali ya leo ya mama yetu," na chini yake mikono iliyokunjwa kwa sala, safu kwa safu. Bosi wangu wa redio akaiona. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Kwa nini huyu mama hayupo kwenye kipindi chako?" akasema. "Wewe unatafuta asili ya methali, na asili yenyewe iko nyumbani kwenu."

Nikamwambia mama yangu ni mgonjwa. Akasema pole, ndiyo, anaelewa, lakini nifikirie. Nilitembea kutoka ofisini hadi stendi kwa miguu kwa sababu sikuweza kukaa ndani ya chombo chochote.

Ambacho sikumwambia bosi ni hofu yangu. Methali zile zilikuwa zinafaa. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Methali karibu zote hukaa popote unapoziweka, ndiyo maana zimeishi kuliko waliozitunga, na mtu mwenye shida yake atajikatia kipande anachokitaka. Watu walikuwa wanaondoka wameridhika. Nami nilianza kuona mama naye anaridhika. Akiona watu, uso unamng'aa. Akiona kikapu changu, anageukia ukutani. Niliogopa siku moja nitainua kijiko na hatahangaika tena hata na hiyo "ki," atanipa methali nzuri, ya kupigiwa makofi, na hapo itakuwa tumempoteza, huku kila mtu akisema amebarikiwa.

Nikagombana na wifi. Tulikuwa jikoni, yeye anamenya ndizi mkono umepakwa mafuta ili utomvu usimshike, mimi nazunguka meza.

"Funga geti," nikamwambia. "Wiki mbili tu. Sema daktari amekataza."

"Wifi, unataka waseme nimemfungia mama mkwe ndani?"

"Waseme. Anahitaji kufanya mazoezi."

"Mazoezi." Akaweka kisu chini. "Wewe unakuja na vijiko vyako, unaondoka. Mimi ndiye namgeuza, namlisha, namsafisha. Wakija watu anacheka. Ukija wewe anatoka jasho. Sasa niambie nani anamtesa."

Nilitoka nje nikapanda juu kwenye mibuni, nikashuka, nikapanda tena. Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi. Jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliniuliza nimepoteza nini, nikasema sijapoteza kitu, akaendelea kunitazama nikipita na kurudi.

Tulikubaliana nusu. Wageni waje baada ya chakula cha mchana, asubuhi iwe yangu au ya wifi na kikapu. Wifi aliifuata, namshukuru, alikuwa anainua kijiko hata siku ambazo sipo. Wageni hawakuifuata. "Dakika moja tu, tunamwona mgonjwa," wanasema, na wameshaingia.

Jumapili moja baada ya ibada wakaja ndugu wawili, watu wazima wenye wajukuu, majirani wa upande wa chini. Kila mmoja alikuwa na kilo yake ya sukari na hawakutazamana. Ugomvi wao Akheri yote ilikuwa inaujua. Masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka wa shamba, yalikuwa yameng'olewa na kupandwa upya, na mkubwa alisema yamesogezwa kwake, na mdogo alisema yamerudishwa yalipowekwa na baba yao. Walishapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, walishapita kwa mshili, yule kiongozi wa ukoo, walishapita kwa mchungaji. Sasa walikuwa wameketi sebuleni kwetu mbele ya mwanamke asiyeweza kuomba maji.

Mimi nilikuwa na kikapu mapajani. Sikuwa nimepata hata "ki" siku hiyo.

"Shikamoo mama," mkubwa akasema, ingawa kwa umri walikuwa karibu sawa. Shikamoo ile ilikuwa ya kuheshimu kazi yake mpya.

"Marahaba."

Akaeleza. Alieleza kwa kirefu, tangu baba yao alipoinunua ile sehemu ya chini. Mdogo akaeleza naye, kwa kirefu zaidi. Wifi akaleta chai, akamnywesha mama kikombe kizima, akaketi. Mama alikuwa amekamata pindo la kanga kwa mkono wake mzima, analizungusha na kulizungusha. Nilidhani anawasikiliza. Walipomaliza wakamwinamia.

Mama akasema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune."

Mkubwa akaegemea nyuma. Mdogo akavua kofia. Hata mimi nywele zilinisimama, maana imekaa pale pale, huwezi kuchagua nyingine. Na kwa kuwa siwezi kukaa kimya methali ikipita mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa na hasira ambazo sikuwa na pa kuzipeleka, nikaanza. Nikawaambia wapo wanaosema methali hiyo ilianza na jirani mmoja aliyeshinda kila siku kibarazani kwa ndugu wawili akiwasuluhisha. Siku walipopatana wakaenda zao kuvuna pamoja, na yeye akarudi shambani kwake akakuta magugu. Wengine wanasema hakuwa jirani, alikuwa shemeji. Nikawaambia kwamba kwa mtazamo wangu mimi ya jirani ndiyo ya kweli, kwa sababu shemeji angekuwa na...

"Nyamaza."

Nilidhani ni wifi. Nikaendelea. "...shemeji angekuwa na sababu ya..."

"Nyamaza. Wewe."

Sauti ilikuwa nzito na imepinda, si ile laini ya methali. Mama alikuwa ananitazama. Uso wote ulikuwa umekunjamana kwa hasira na jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

Niliteleza kutoka kwenye kiti nikajikuta magotini mbele yake, vijiko na vitunguu vimemwagika sakafuni. "Nimenyamaza mama," nikasema. "Nimenyamaza. Sema."

Midomo ikahangaika. "Ch..."

"Chai!" mdogo akadakia. "Mama anaomba chai!"

Ningeweza kumpiga na kitana. Wifi naye alikuwa amefungua kinywa, nikamshika mkono, akakifunga. Tukangoja. Mama akafumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa kumkatalia yule bwana na chai yake. Alivuta pumzi kwa shida sana. Sikumsaidia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutomsaidia.

"Choo," akasema. "Nataka choo."

Hakuna aliyesogea. Halafu nikamsikia mkubwa nyuma yangu akinong'ona, "Choo. Ana maana gani hapo?" Na mdogo wake, kwa unyenyekevu mkubwa, kofia bado iko mkononi, akamjibu, "Kaka, anasema tumeleta uchafu wetu nyumbani kwa watu."

"Ana maana ya choo!" nilipiga kelele. "Anataka kukojoa! Pisheni!"

Wakapisha. Tulimwinua, mimi upande ulioumia, wifi upande mzima, tukatoka mlango wa nyuma. Wifi alikuwa analia na kucheka, na kila hatua anasema, "Jamani mama, tangu saa ngapi? Tangu saa ngapi umebana, na mimi nakunywesha chai?" Mimi nilikuwa silii bado. Nilikuwa nasikia uzito wake begani, mguu wake ukiburuta kwenye majani makavu ya migomba, na nilikuwa nafikiria wiki zote zile, watu wote wale waliokaa mbele yake wakipokea majibu. Wangapi kati yao aliwapa methali huku akitaka tu kwenda chooni? Au apewe blanketi, au watoke?

Kaka alikuwa amemtengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, ndani ya choo cha nyuma. Tukamkalisha. Wifi akaweka kopo la maji karibu na mkono wake mzima. Mama akatupungia ule mkono, tutoke. Wifi akarudi sebuleni kwa wageni, maana haiwezekani kuwaacha peke yao, hata hao.

Nikabaki nje, nimeegemea bati la mlango. Ndipo nilipolia, kwa furaha, bila kujizuia, kamasi na machozi pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali sikuwa na mahali popote pa kwenda. Kuku walinizunguka miguuni wakidhani nimewaletea kitu. Muda ukapita, ndani kimya, na woga ukaanza kunirudia, kwamba pengine yalikuwa maneno hayo tu, pengine mlango umeshajifunga tena. Nikajifuta uso. Nikagonga bati taratibu.

"Mama, umemaliza?"

Nikasikia pumzi yake, ikipanda na kushuka, ikitafuta. Niliuma ulimi nisiongeze neno.

"Bado," akasema.